Mchwa wa Maktaba

Wiki iliyopita niliingia maktaba ya kijiji kimoja karibu na Basotu, nikamkuta mama anayeitunza amebandika sikio kwenye kabati.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nyamaza usikilize.”

Ndani ya vitabu kitu kilikuwa kinatafuna, taratibu.

“Mchwa,” akanong'ona. “Dawa naomba tangu tupewe mkoa wa Manyara, miaka ishirini na zaidi. Leo wako kwenye historia.”

Akaingia mwanamke mwenye mbuzi wagonjwa, akaomba kitabu cha mifugo. Mama akamvutia kimoja chenye jalada zima. Kikamwaga vumbi tupu.

“Hiki niliwawahi, nilikisoma mimi kwanza.” Akafumba macho, akamtamkia dalili na tiba, ukurasa mzima bila kukwama, huku kabatini wakiendelea kutafuna.

Kwa hiyo kijiji kile bado kina kitabu kimoja, ndugu zangu. Nilipoaga, kilikuwa kinakohoa.