Karani wa Tiketi Anayetoka Jasho

Karani wa tiketi za ndege hutoka jasho hata mji mzima ukiwa umevaa masweta. Wenzake ofisini wanasema ni presha. Kila baada ya maneno machache hujifuta shingo kwa leso, huikamua kwenye ndoo iliyo kando ya kiti chake, kisha huendelea pale pale alipoachia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Nilipomwambia naenda kwenye nchi ya misitu ya joto kumfuata kaka yangu, aliyeondoka kwenda huko msimu wa mvua na hadi leo kimya, alitikisa kichwa. "Nilimkanya, mdogo wangu. Nikamwambia asubiri mvua zikatike, akadhani namtania. Wewe nenda kiangazi. Chukua nguo za pamba, nyepesi, chandarua, na mifuko ya nailoni ya kufungia kila kitu. Jinzi usibebe, hazikauki. Viatu vya ngozi ndiyo kabisa usithubutu, vinaota kuvu wewe umelala."

Akanipa tiketi. Ilikuwa imelegea kama jani lililochemshwa. Ikanidondoka, nikainama kuiokota, na chini ya meza nikaviona viatu vyake vya ngozi, vyote kijani. Kuvu lilikuwa limeshapanda hadi vifundoni.

Nikainuka nikijilazimisha kucheka. "Kumbe na wewe ulifika huko, dada! Ulirudi lini?"

Akaikamua leso taratibu, hadi tone la mwisho.

"Nani kakwambia nimerudi?"