Kidonda Kilichopona Chenyewe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hapa Chanzuru, nilisema uongo ili nisichapwe. Nilitumwa maji, nikanogewa na kucheza rede. Niliporudi nikamwambia baba mdogo, aliyekuwa akinilea, kwamba niliogopa kupita: nimemwona Mama Kulwa akifukia kitu njiani. Mama Kulwa alikuwa jirani yetu, mfugaji aliyekuja kutoka kanda ya ziwa. Siku ile sikumwona kabisa. Mungu anajua.

Basi, baba mdogo alikuwa akipakia mizigo kwenye malori Mikumi, anarudi mwisho wa wiki. Haukupita mwezi akapata kidonda mahali pasipotajwa mbele ya watoto. Hakikumuuma, na hilo ndilo lililomtisha. Kwetu watu huamini kwamba ukikanyaga dawa iliyofukiwa njiani utatoka vidonda.

"Si ndiyo ile aliyoiona mtoto?" akasema. "Nimeikanyaga!"

Mganga akampa mizizi ya kunywa na kuogea. Baada ya wiki chache kidonda kikafunga. Alipotokwa na vipele viganjani na kwenye nyayo, mganga akasema ni sumu inatoka. Navyo vikaisha, mganga akasifiwa.

Mama Kulwa hakuombwa tena moto wala chumvi. Mimi nilimwamkia shikamoo nikiangalia chini. "Marahaba, mwanangu," akaitika vilevile kama zamani.

Kisha mama mdogo, mke wa baba mdogo, akaharibikiwa na mimba mbili, ya pili ikiwa ya miezi sita. Watu wakamtaja yuleyule Mama Kulwa, mpaka akahamia Malolo na wanawe.

Mimba ya tatu, kliniki wakapima damu, wakamwita na mume. Kaswende. Mama mdogo alinisimulia nilipokuwa mkubwa. Nesi aliwaambia kidonda kile hufunga chenyewe hata ukinywa maji matupu. Mdudu wake, mwembamba aliyejisokota, hubaki kwenye damu, hutulia hata miaka, humfikia mtoto tumboni, na asipotibiwa huweza kuharibu moyo na ubongo.

"Lakini mimi nilikanyaga dawa," baba mdogo akabisha.

"Kwa mguu?" nesi akamuuliza.

"Kwa mguu."

"Na kidonda kikatokea huko?"

Wakachomwa sindano wote wawili, na mtoto akazaliwa mzima.

Hakuna aliyempelekea Mama Kulwa habari. Hata mimi nilikaa kimya miaka mingi, naswali, nafunga, najiona mwema. Mwaka juzi nikapanda gari mpaka Malolo, nikamweleza yote.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Waliokuamini walikuwa watu wazima. Haya, nawa mikono ule."

Amenisamehe, namshukuru Mungu. Lakini hapa Chanzuru akitajwa bado wanamwita mchawi, nami kila mara nasema ni mimi niliyedanganya. Wengine hucheka, wengine huniambia nimelishwa kitu kule Malolo. Uongo wangu uliaminiwa siku ileile. Ukweli naurudia mwaka wa pili sasa.