Kijiko Kilipozunguka

Mtaani kwetu, huku Mji Mkongwe, supu ya pilau ya harusi haitiwi mchele mpaka ionjwe. Mpishi mkuu huonja kwanza, kisha kijiko huzunguka kwa wanawake wote wanaopika, wakubwa kwanza. Utaratibu mzuri sana, laiti kungekuwa na mtu anayeonja kweli.

Mpishi wetu ni bibi aliyepika harusi za mama zetu. Mwaka huu aliugua homa, na tangu apone ulimi wake haushiki ladha. Mtaa mzima unajua. Asiyejua ni yeye mwenyewe, kwani nani amwambie?

Siku ya harusi ya binti wa jirani akaonja, akasema, "Bado," akatia chumvi. Akaonja tena, akatia tena. Kijiko kikaanza kuzunguka. Wa kwanza akalamba, akasema, "Imekaa." Wa pili, "Imekaa." Wa tatu nilimwona kabisa akikunja uso, naye akasema imekaa! Kilipofika kwangu nikahisi nimemeza maji ya bahari.

"Bibi, chumvi imezidi," nikasema.

Akashtuka, maskini. Akawageukia wenzangu. "Ati imezidi?"

"Hata!" wakajibu. "Supu lazima izidi kidogo, mchele si utainywa?" Mmoja akanifinya ubavuni. "We mwana, huna haya? Umfunze bibi kupika?"

Basi bibi akawaamini wao. Mdomo mmoja na midomo sita, utaufuata upi? Mchele ukaingia. Wageni wakadonoa, wakaomba maji, sinia zikarudi zimejaa, na bibi akajifungia chumbani akalia. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Heshima gani hiyo, ya kumwacha mtu mzima aaibike mbele ya watu?

Kesho yake tukakutana kuosha masufuria. Kumbe kila mtu alijua chumvi imezidi! "Mie nlijua tokea mwanzo," alisema yule aliyenifinya. Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Niseme mie, na wenzangu washasema imekaa?" Nikamgeukia mwingine, akanijibu hivyo hivyo. Kisha wakapatana, bila hata mmoja kupinga, kwamba bibi asipike tena. Wakanituma mimi nikamwambie, ati kwa sababu ndimi nisiyeogopa.

Nikaenda, nimefura. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo yao," akasema. "Wewe wasemaje, mwanangu?"

Nikamwambia yote: homa imeharibu ulimi wake, mkono wake haijaugusa. Apike, ila chumvi nionje mimi.

Akafuta machozi. "Kumbe jambo lenyewe ndo hilo? Hewallah."

Nikarudi kwa wale sita kuwaambia kuwa bibi ataendelea kupika, nimejiandaa kwa ugomvi. Wakatazamana. Wa kwanza akasema hilo ndilo alilolitaka tangu awali. Wa pili naye akasema hivyo hivyo.