Jumamosi za Bondeni

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na ya Sekhonyana na 'Makhahliso kijiji kizima kilikwishayasikia kabla wenyewe hawajayatamka.

Sekhonyana alikuwa tarishi mstaafu, mgane asiye na mtoto. Mei ilipofika, miti ya mipopla ikageuka manjano na sakitu, umande ulioganda, ikaanza kuunguza nyasi, alijifunga blanketi, akatundika kamera shingoni na kushuka bondeni kila Jumamosi. 'Makhahliso, mwalimu mjane aliyekaa jirani, alianza kumfuata kwa kisingizio cha kutafuta kuni. Kuni zenyewe hazikuonekana. Kamera ilikuwa moja, wakapokezana: Sekhonyana alipiga picha za ndege, 'Makhahliso za mimea. Waliitana kwa heshima, Ntate na 'M'e, yaani baba na mama.

"Ntate, huyo shomoro wako ana nini hata umlalie kifudifudi?"

"Shomoro! Si ndiye yule mweusi mwenye mkia mrefu uliyemsifia langoni kwangu Januari? Msimu wa kuchumbia umekwisha, kavua joho."

"Wanaume nyie! Mkishapata, mnajiachia."

"Na wewe je, na hayo majani makavu?"

"Mbegu hizo. Wewe kisichoruka hukioni. Lete kamera."

Siku ile alikuta ua moja la rangi ya waridi lililosalimika na baridi, limejificha nyuma ya jiwe. Akapiga magoti. Sekhonyana akamtazama mgongo, kitambaa kimemteleza, mvi zimetoka, na maneno yakamponyoka.

"'M'e, tuwashe moto mmoja."

'Makhahliso hakugeuka. Alimaliza kupiga picha yake kwanza. "Umechelewa kuuliza," alisema, sauti ikicheka. "Ngoja nimwambie Khahliso."

Khahliso, bintiye wa pekee, alikuja na gari kutoka mji wa Bloemfontein, alikofanya kazi. Sekhonyana akaitwa. Alipiga rangi viatu, akavaa kofia yake nzuri, akaingia jikoni na kuivua.

"Ntate, mimi nakuheshimu," Khahliso alianza. "Barua za baba kutoka mgodini ulituletea wewe. Lakini mama haolewi. Kaburi la baba halijapoa."

"Miaka tisa, mwanangu," 'Makhahliso alisema taratibu.

"Watu wanacheka, mama! Wazee wawili wanaviziana vichakani na kamera! Na mimi wanangu nawaachia nani nikienda kazini?"

Sekhonyana akamwangalia 'Makhahliso. Neno moja tu lingemtosha. 'Makhahliso aliendelea kukoroga sufuria ya uji uliokwisha kuiva, akakoroga, akakoroga.

Aliondoka na bintiye Jumatatu. Alipofika langoni kwa Sekhonyana kuaga, mkono wake ulikuwa baridi.

"Wajukuu wananihitaji, Ntate. Ningesema nini?"

"Ungesema unataka."

"Ningesema, halafu ningelala vipi, mwanangu amenuna?" Alifuta macho kwa ncha ya blanketi. "Usinipungie mkono. Ingia ndani."

Akaingia ndani. Alisikia gari likishuka mlima mpaka likapotea.

Jumamosi zilizofuata Sekhonyana alishuka peke yake. Ndege waliruka mbele yake, naye hakuinua kamera. Aliielekeza chini, akapiga picha za mashina ya mahindi, miiba, majani ya mpopla yaliyogandia kwenye barafu nyembamba ya kijito. Kazi hiyo hakuijua. Picha nyingi zilitoka na ukungu. Hata hivyo alimwomba fundi wa simu dukani amsaidie kuzituma Bloemfontein, zile nzuri na zile mbaya pia.

Jibu halikuja. Akatuma tena. Ndipo jioni moja simu ikalia.

"Ntate."

"'M'e! Umeziona? Ile ya miiba nili—"

"Nimeziona zote." Nyuma yake watoto walikuwa wakigombania kitu. "Nakuomba usitume tena."

"Khahliso kakasirika?"

"Khahliso hajui. Ni mimi. Nikiziona, chakula hakishuki. Nakaa na simu mapajani mpaka watoto wananiuliza bibi unalia nini. Niache nizoee, Ntate. Nisaidie hilo."

Sekhonyana alitaka kumwambia kwamba hata yeye hajazoea.

"Sawa, 'M'e," alisema. "Vaa vizuri. Huko nako kuna baridi."

"Nimevaa," alisema 'Makhahliso, na wala hakukata simu. Walikaa hivyo, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake, mpaka salio likaisha.