Mabati ya Muuza Dawa

Siku ya mnada pale Nyamuswa, muuza dawa ya pamba alisimama mbele yetu wakulima na hakuitaja dawa hata kidogo. Alitaja mabati. Alitaja nyumba isiyovuja, na ng'ombe wa mahari ya mwanao. Nikamtilia shaka papo hapo, maana mwenye kitu kizuri hukionyesha kwanza.

Nilikuwa nimekuja na funza wa pamba kutoka shambani kwangu, nimemfunga kwenye jani. "Kijana," nikamwambia, "mimi dawa nanunuaga nikiona imeua. Mdondoshee huyu."

Akamdondoshea. Funza akajikunja, akajikunjua, akaendelea kutembea.

"Mama," akasema bila haya, "nyumba yako ina vyumba vingapi?"

"Vitatu."

"Tuezeke bati la bluu au jekundu?"

Nilijua kabisa ananizunguka. Nikamkazia macho, nikataka kumsema mbele za watu. Mdomo wangu ukatamka, "Jekundu."

Jioni nilishuka kwenye bodaboda nyumbani na chupa mbili za dawa. Na yule funza nilishuka naye, mzima, kwenye jani lake.