Chupa Yenye Mrututu wa Kahawa

Kabla mashine haijafika Tunduma, fulana zilikuwa zimeshafika. Za bluu, zimeandikwa kifuani "Bomba Salama", na bosi wetu alizigawa mwenyewe kwa kutuita mmoja mmoja kama anayegawa vyeti. Yangu ilinibana tumboni. Niliivaa hivyo hivyo, maana katika kampuni yetu ndogo ya ukandarasi sikumbuki mtu aliyewahi kuitwa ofisini kwa kazi mbovu, lakini kwa kutovaa fulana ungeitwa.

Kazi yetu ilikuwa kulitunza bomba la mafuta lisiliwe na kutu. Limefukiwa ardhini, linakatiza mashamba ya Mbozi, linavuka kwenda Zambia. Chuma kikikaa udongoni kinaliwa, na dawa yake ni kukipa umeme kidogo. Kuna mitambo imesimama hapa na pale inayosukuma umeme huo udongoni. Umeme unaingia kwenye bomba, kisha unatembea kwenye chuma chenyewe mpaka unarudi mtamboni. Ukitosha, kutu inakosa nafasi. Usipotosha, bomba linatoboka, na mafuta yakishaingia kwenye kisima cha watu hakuna hotuba ya kuyatoa.

Ili kujua kama unatosha tulikuwa na watembeaji watatu, kila mmoja na kipande chake cha njia, mita ya mkononi na chupa. Chupa yenyewe ni kitu kidogo cha plastiki, chini ina kizibo kinachopitisha unyevu, ndani ina maji yaliyoyeyushwa mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba. Unalowesha ardhi, unaisimamisha hapo, unaunga waya mmoja kwenye chupa na mwingine kwenye nguzo ya kupimia, unasoma namba. Ikifika milivolti mia nane na hamsini, bomba linalindwa. Ikipungua, kuna jambo. Mimi nilikuwa msimamizi wao. Kusimamia maana yake nilikaa ofisini Tunduma, nikaletewa fomu, nikatia sahihi.

Watembeaji wawili walikuwa wanaume wenye mwandiko mzuri. Fomu zao zilipendeza: mia tisa na kumi, mia tisa na tano, mia tisa na kumi na mbili. Bosi alizipenda. Wa tatu alikuwa dada mmoja wa Iyula, binti wa wakulima wa kahawa, mtu wa buti za mvua na maneno machache. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu, na fomu zake ziliniumiza kichwa. Nguzo moja karibu na kijiji chao aliiandikia mia tano na sitini. Mwezi uliofuata, mia tano na arobaini.

Nikamwita.

"Dada, hii namba umeitoa wapi?"

"Kwenye mita, mkuu."

"Ardhi uliilowesha?"

"Niliilowesha."

"Na kwenye chupa umetia nini? Mrututu wa ofisini si uliisha siku nyingi?"

"Uliisha. Nimetia wa baba. Ule wa kupulizia kahawa."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Niliwaita wale wawili waje wasikie: bomba la mafuta la nchi mbili linapimwa kwa dawa ya kahawa! Nao wakacheka, wakafurahi sana, na mimi sikujiuliza wanafurahia nini hasa. Yeye alisimama pale na vidole vyake vyenye rangi ya bluu mpaka tulipomaliza. Akasema, "Mrututu ni ule ule, mkuu." Nikamwambia atoke. Kisha nikachukua fomu zake zote mbili, nikakata namba kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni mia tisa na kumi. Sikuona aibu. Nilijiona mtaalamu.

Mwezi wa tatu alileta mia tano na thelathini, nayo nikaikata. Bosi akaamuru aandikiwe barua, nami ndiye niliyeiandika: mwisho wa mwezi alete "namba zinazokubalika", la sivyo mkataba wake unakoma. Nilijivunia maneno yale mawili. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inawasomesha wadogo zake wawili Vwawa. Wote tulijua. Akaisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akaitia ndani ya buti.

Basi ndipo mashine ikaja, imefungwa ndani ya kreti ndefu, ikifuatana na mtaalamu wake mmoja aliyekuwa na sura ya mtu asiyetaka kukaribishwa chakula. Ni chombo kinachoingizwa ndani ya bomba na kusukumwa na mafuta yenyewe. Mbele kina brashi za chuma zinazogusa ukuta wa bomba, nyuma kina nyingine, na kati yake kinasoma tofauti ndogo sana ya umeme. Kutokana na hiyo kinajua pale kinapopita ni umeme kiasi gani unatembea kwenye chuma. Hatua kwa hatua, kijiji kwa kijiji, hakiruki shamba la mtu wala hakichoki mlimani. Niliposikia hivyo nilikibeza. Miaka yote hiyo tumepima kutoka juu, leo tunaletewa kitu cha kutambaa gizani kije kitufundishe.

Bosi hakukibeza. Bosi hupenda kitu chochote kinachopigwa picha. Aliita mchungaji akiombee, akachinjisha mbuzi wawili, akahutubia robo tatu ya saa juu ya teknolojia ambayo alikuwa ameisikia asubuhi ile ile. Alipomaliza akatoa amri mitambo yote ya umeme izimwe, ili mashine isije ikapigwa shoti ndani ya bomba.

Mtaalamu akamwangalia. "Ukizima umeme, mzee, mimi nitapima nini?"

Watu wakaangalia mbuzi. Bosi akakohoa, akasema alikuwa anatupima akili. Debe tupu haliachi kuvuma, na hilo la kwetu lilikuwa limevaa fulana. Kisha akanishika bega, akaniambia kwa sauti ambayo dada wa Iyula aliisikia vizuri, "Hii ndiyo itamaliza ubishi. Na huyu naye aje aone."

Zilikuwa zimebaki siku sita muda wa barua yake uishe.

Chombo kiliingia, kikaenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, kikatoka upande wa pili siku ya tatu kikiwa kimejaa uchafu. Mtaalamu akakifuta, akaunga kompyuta, akatuita tuone. Ulikuwa mstari unaopanda taratibu, bila haraka, kama inavyotakiwa; kisha mahali pamoja ukaruka juu ghafla kama ngazi.

"Hapa umeme mwingi unaingia kwenye bomba kwa mkupuo," akasema. "Kuna chuma kingine kimegusana nalo, kinalinyang'anya kinga yake. Ni nguzo ipi hii?"

Nilijua ni ile ya Iyula kabla hajaitafuta kwenye ramani. Akaomba vipimo vya juu vya nguzo ile, na mimi, nikiwa sina pa kujificha, nikampa fomu. Akaitazama ile mia tisa na kumi nyekundu kwa muda mrefu. Hakuuliza mkono ni wa nani.

Asubuhi yake tulikwenda kuchimba. Kina cha mtu hakikufika, jembe likalia. Bomba la maji la kijiji lilikuwa limelala moja kwa moja juu ya bomba la mafuta, chuma juu ya chuma, na pale yalipogusana utandiko wa kuzuia kutu ulikuwa umesagika na ukuta wa bomba umeanza kuingia vishimo. Mradi ule wa maji ulichimbwa kwa nguvu za wananchi, kila kaya na hatua zake kumi, na kaya iliyoangukiwa na sehemu ile ilichimba ikakuta kitu kigumu, ikaona hapo panatosha. Wakalaza bomba lao, wakafukia, kiongozi akaja kufungua, akina mama wakapiga vigelegele. Ningewacheka wao pia, kama siku ile ningekuwa na haki ya kumcheka mtu.

Mtaalamu akataka kuhakikisha kwa mkono. "Nipeni chupa."

Mtembeaji wa kwanza akaleta yake. Ilikuwa kavu. Kizibo kimepasuka, ndani kumeganda vumbi la bluu. Wa pili akasema yake ameisahau. Ikatafutwa kwenye gari, ikapatikana, nayo kavu, ina buibui. Nikafungua kisanduku changu mimi msimamizi. Chupa yangu ilikuwa na utepe wa dukani haujakatwa.

"Zile namba nzuri mlizipataje?" akauliza.

Nilielewa basi kicheko cha wale wawili siku ile kilikuwa cha nini, na nilielewa kwamba wao angalau walijua wanadanganya. Mimi nilikuwa mjinga mwenye sahihi.

Dada wa Iyula akamwaga maji kidogo ardhini, akasimamisha chupa yake, akaunga waya. Mita ikasema mia tano na thelathini. Mtaalamu akageuza chupa, akaona ile bluu safi, akauliza mrututu umetoka wapi. Akaambiwa. "Unafaa," akasema, akarudi kwenye shimo.

Nilidhani mambo yameisha. Bosi akapiga picha kando ya shimo, ripoti ikaandikwa: kasoro imegunduliwa na mashine ya kisasa chini ya usimamizi makini. Mtaalamu akafunga kreti akaondoka. Siku za barua zilikuwa zimekwisha na yeye amekwenda kwao; nikatumwa Iyula kumwambia yule dada kwamba barua imefutwa, arudi kazini, na yaliyopita tuyaache.

Nilimkuta nyumbani kwao anaanika kahawa. Alinipa kigoda, akaninawisha mikono, akaniletea ndizi, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa mtu kama mimi. Nikasema niliyotumwa. Akasikiliza, mikono ikigeuza kahawa.

"Nitarudi," akasema. "Ila urudishe namba zangu kwenye zile fomu, mkuu. Zile tatu. Uandike kwamba zilikatwa na nani. Nikirudi hivi hivi, mwezi ujao nikileta namba mbaya mtazikata tena."

Alikuwa hajaomba kitu kikubwa. Mistari mitatu na sahihi moja. Lakini mstari wa kwanza tu ungenitoa kwenye kiti changu, na nilikipenda kile kiti, japo nilishajua kinakaliwa na nani. Nikala ndizi. Nikamwambia nitaliangalia, ripoti imeshakwenda juu, mambo haya yana taratibu zake.

Akanitazama, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Basi, kaka," akasema. Hakuniita mkuu.

Hakurudi. Kipande chake alipewa kijana mwenye mwandiko mzuri, na namba za Iyula ni mia tisa na kumi mpaka leo. Natia sahihi kila mwezi. Mdogo wake wa pili aliacha shule muhula uliofuata. Nilimwona mpakani anauza muda wa maongezi kwa madereva wa malori, akanisalimia shikamoo, nikaitikia.