Esansi Ndani ya Simu ya Mke Wangu

Mimi hakuna jambo la kunishangaza. Niliacha shule mwaka wa tatu, na leo nina gereji Buyenzi yenye mafundi sita, nyumba mbili, na lori nililolinunua likiwa mifupa mitupu nikalirudishia uhai kwa mikono hii. Waliosoma wananiletea magari yao, wanasimama pembeni na mashati meupe, wananiuliza, "Itapona, bosi?" Huwa inapona.

Basi simu ya mke wangu ilipotumbukia kwenye beseni la maharage aliyokuwa ameyaloweka, mimi niliona ni kazi ndogo. Yeye aliitoa, akaifuta na kanga, akakaa chini pale pale jikoni.

"Ni simu tu," nikamwambia. "Nitakununulia ingine kesho."

"Sauti za mama zimo humo," akasema.

Mama yake alikuwa amefariki kabla ya Ramadhani. Alikuwa mtu wa Ruziba, hakujua kuandika, basi kila asubuhi alimtumia bintiye ujumbe wa sauti: kaamkaje, mihogo imekuwaje, jirani kamfanyia nini. Tangu tumzike, mke wangu kila asubuhi alisikiliza sauti moja akichambua maharage. Moja tu, ili zisiishe haraka. Hazikuwa zimewekwa mahali pengine popote.

Mimi mwenyewe sauti ya yule mama niliijua kidogo sana. Kwetu mkwe wa kiume hakai na mama mkwe akapiga soga. Miaka kumi na tisa nilimsalimia nikiwa nimeinamisha kichwa, naye akaniitikia akiwa nyuma ya mlango. Heshima ndiyo hiyo.

Mke wangu alipokwenda sokoni nikaifungua ile simu. Nilipasha kisu moto, nikakipitisha pembeni ya kioo, kikaachia vizuri kabisa. Ndani kulikuwa na maji na wanga wa maharage. Sasa, sisi watu wa gereji kitu kikichafuka tunakiosha na esansi, yaani petroli. Kabureta, bolti, mikono yetu wenyewe. Na wakati huo esansi ilikuwa haipatikani, niliyokuwa nayo niliipangia mstari siku mbili. Nikamimina nusu lita kwenye kopo bila kuionea uchungu, nikachukua mswaki, nikasugua kila kona kwa mapenzi. Nikaianika juani, nikaifunga.

Kabla sijaiosha ilikuwa bado inatetemeka kidogo ukiibonyeza. Baada ya kuiosha, kimya. Nikairudisha pale nilipoikuta, na sikumwambia mtu.

Kesho yake tukaenda wote wawili mjini, kwenye duka lililoiuza. Binti wa pale akaangalia karatasi yetu.

"Papa, garanti imekwisha miezi kumi."

"Garanti najua imekwisha. Mi nauliza dawa."

"Dawa ni kununua mupya. Laki tatu na nusu."

Tukatoka. Kwenye vibanda vya simu fundi mmoja akasema atabadilisha karte, yaani ile sahani ya ndani ambayo ndiyo injini yake, na simu itawaka siku hiyo hiyo.

"Na sauti?" mke wangu akauliza.

"Sauti zinabaki kwa karte ya zamani, mama. Utaanza upya."

Mke wangu akaichukua simu yake mkononi mwa yule fundi, polepole, kama mtu anayemchukua mtoto aliyelala.

Mimi nikafanya ninavyofanya kwa magari. Gari likikosa kipuri, unatafuta lenzake lililokufa. Nikazunguka soko zima mpaka nikapata simu ya aina ile ile, kioo kimesagika, imekufa kabisa, nikainunua. Muuzaji akanicheka: "Muzee, unanunua maiti?" Nikamwambia mimi nimejenga nyumba mbili kwa maiti.

Mteja wangu mmoja akanielekeza Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu, kwa mwanamke anayetengeneza simu chumbani kwake akitumia darubini. Tukamkuta, mwembamba, miwani imeshuka puani. Akaifungua simu, akainusa.

"Nani aliyeosha hii na esansi?"

Nikaangalia ukuta. "Kuna fundi mmoja huko Buyenzi," nikasema.

"Huyo mutu hajasoma."

"Hajasoma," mke wangu akajibu, "lakini anajua kujenga nyumba mbili."

Nikamgeukia. Alikuwa akiniangalia bila hasira.

"Ulijua?"

"Baba watoto, mswaki ulikuwa wangu. Nilisugua nao meno."

Yule fundi aliinama kwenye darubini mabega yakimtikisika, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Halafu akatuambia ukweli. Maji yalianza, esansi ikamalizia. Hawezi kubadilisha karte, kwa sababu sauti zimo humo. Lazima aitibu yenyewe, atoe vipande vilivyoungua, vidogo kama mayai ya chawa, aweke vingine. Hapo nikatoa ile maiti mfukoni. Akaigeuza, akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu wa kazi anavyomtazama mwenzake.

"Hii itasaidia, papa. Lakini siahidi. Na itazidi bei ya simu mupya."

Mke wangu akanishika mkono wa shati. "Tuache," akasema. "Pesa ni nyingi. Mi nitamkumbuka tu."

"Fanya," nikamwambia fundi.

Siku tisa. Siku hizo mke wangu alichambua maharage kimya, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimezoea kuisikia ile sauti ikipenya ukutani nikinywa chai, bila kufuata maneno. Niliwahi kazini ili nisiusikie ule ukimya. Mafundi wangu wakadhani nimeanza kuwachunga.

Siku ya kumi fundi akatuita. Simu ilikuwa mezani, inawaka, imeunganishwa na waya mbili. "Nijaribu moja," akasema, akabonyeza ya mwisho mwisho.

Yule mama alikohoa, kisha akasema, karibu kabisa, kama yumo chumbani:

"Mwanangu, umeamkaje. Mwambie mume wako ule mlango alionitengenezea unafunga vizuri, hata mvua haiingii tena. Lakini usimwambie nimemsifu, atatusumbua mwaka mzima. Yeye ni mutu muzuri, ana kelele tu. Haya, kula."

Nilikuwa nimekwisha simama. Miguu ilinipeleka yenyewe mpaka mlangoni, nikasimama nje ya pazia na kichwa chini, kama nilivyosimama Ruziba miaka yote. Ndani mke wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Akairudia. Nikaisikiliza tena yote, pale pale nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa sauti ndogo.

Kisha nikaingia. Fundi akaniambia kwanza sauti zote amezihifadhi mahali pa pili, halafu akataja bei yake. Mimi huwa naomba kupunguziwa hata bei ya kiberiti. Siku ile nilihesabu nikalipa. Pamoja na ile simu iliyokufa, sauti ya mama mkwe wangu ilinigharimu faranga laki nne, elfu thelathini na saba na mia tano.